Tembo, Mto na Darasa: Lugha ya Balehe na Usafi wa Vijana Nchini Ghana

Utangulizi

Suala la afya ya vijana wanaobaleghe barani Afrika aghalabu huachiwa wauguzi, walimu wa sayansi na mashirika ya misaada. Sisi wanafunzi wa lugha na fasihi hukaa kando, kana kwamba hedhi, sabuni na choo ni mambo yasiyotuhusu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba suala hili lina sehemu kubwa iliyo ya lugha, na kwamba pale lugha inapokosekana msichana hupoteza siku za masomo, hupoteza utulivu wake mbele ya wenzake, na pengine hupoteza afya yake.

Nchi tuliyoiteua ni Ghana. Miiko ya usemi miongoni mwa Waakan, ambao ndio kundi kubwa zaidi nchini humo, imechunguzwa kwa makini na wanaisimu wenyeji, na kwa hivyo tunayo data ya kutegemewa. Aidha, mtoto wa Ghana, sawa na mtoto wa Kenya, huanza masomo kwa lugha ya eneo lake kisha akavushwa hadi Kiingereza. Tutaona kwamba kivuko hicho kina uhusiano wa karibu na balehe kuliko inavyodhaniwa.

Shirika la Afya Duniani humhesabu kijana balehe kuwa mtu wa umri wa kati ya miaka 10 na 19. Ndio umri tunaoukusudia.

Tembo aliyeuawa

Mwaka 2002 Kofi Agyekum, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Ghana kilichoko Legon, alichapisha makala kuhusu hedhi kama mwiko wa usemi miongoni mwa Waakan. Wanafunzi wa isimujamii watanufaika sana wakiisoma. Anaonyesha kwamba Mwakan hataji hedhi kwa jina lake hadharani, bali hutumia tasfida. Mwanamke aliye mwezini husemwa kwamba amekwenda afikyire, yaani nyuma ya nyumba. Huweza pia kusemwa kwamba amevunjika mkono. Msichana anayeiona kwa mara ya kwanza husemwa kwamba ameua tembo.

Kila mojawapo ya semi hizi ina historia. Zamani palikuwa na kibanda nyuma ya makazi, bra dan, yaani nyumba ya hedhi, ambako mwanamke alikaa hadi siku zake ziishe. Kibanda kimetoweka katika maeneo mengi ila usemi umebaki. Mkono uliovunjika unatokana na mwiko wa mwanamke kumpikia mumewe akiwa katika hali hiyo: asiyeweza kupika ni kama aliyevunjika mkono. Msomaji wa Kiswahili hatakosa kuona kwamba nasi tuna chetu kinachovunjika, maana msichana wetu huvunja ungo. Ungo na mkono wa mpishi vyote ni vya jikoni, na huenda hilo si jambo la sadfa, japo ulinganishi huo unahitaji utafiti wake.

Tembo ndiye anayeshangaza zaidi. Tasfida nyingi za hedhi duniani hupunguza jambo, hii hulikuza. Mwindaji aliyeua tembo ni shujaa wa kijiji, na kwa usemi huu msichana wa miaka 13 anapewa ushujaa huo. Katika bragoro, sherehe ya Waasante ya kumtangaza msichana aliyebaleghe, tembo huyo hurudi. Jina lenyewe linaunganisha bra, hedhi, na neno la mchezo au shangwe. Sherehe hii ilielezwa na R. S. Rattray katika miaka ya 1920, na baadaye, mwaka 1977, ikaandikiwa kitabu kizima na Peter Sarpong, kasisi msomi aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Kumasi. Msichana alikalishwa hadharani juu ya kigoda, wanawake wakamwimbia, jamaa wakamtuza, akapelekwa mtoni kuogeshwa. Kisha vyakula kadhaa viliguswa midomoni mwake, kila kimoja na dua yake. Miongoni mwavyo ilikuwamo ngozi ya tembo, akiombewa uzazi mwingi kama wa mnyama huyo. Alipewa pia yai la kuchemsha alimeze bila kulitafuna, asije akawatafuna watoto wake mwenyewe.

Kwa hivyo, tasfida ilikuwa na mwenzake. Hadharani watu walisema tembo; faraghani mama, nyanya na wanawake wazima walimweleza msichana namna ya kujisetiri, kuoga na kujilinda. Ni mgawanyo ule ule tulioujua pwani ya Afrika Mashariki, ambako somo au kungwi alisema ndani ya unyago yale ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika kuhusu mafunzo hayo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa mwaka 1903. Lugha ya stara ilivumilika kwa kuwa palikuwa na mahali pengine pa kusema wazi.

Dipo bila mafunzo

Ni kosa, hata hivyo, kuzipamba mila hizi. Bragoro iliambatana na adhabu kali. Msichana wa Kiasante aliyeshika mimba kabla ya kutangazwa alihesabiwa kuwa ametenda kyiribra, na yeye pamoja na mwanamume aliyehusika walifukuzwa kijijini. Wakrobo wa Mkoa wa Mashariki wa Ghana walikuwa na kanuni ya namna hiyo kuhusu dipo, jando la wasichana wao.

Dipo ya kale ilifanyika juu ya Mlima Krobo na iliweza kuchukua hata mwaka mzima. Wasichana walifunzwa kazi za nyumbani, usafi wa mwili, ngoma na nyimbo za klama. Mwaka 1892 serikali ya kikoloni ya Waingereza, chini ya Gavana Griffith, iliwaondoa Wakrobo mlimani kwa nguvu na kuipiga marufuku sherehe hiyo. Haikufa. Ilishuka tambarare na kufupishwa, na leo huendeshwa kwa siku chache, kwa kawaida kati ya Machi na Mei. Watalii huja kutazama shanga.

Lakini kilichoigeuza zaidi ni hofu. Wazazi, kwa kuchelea binti zao wasije wakashika mimba kabla ya dipo na kutengwa, walianza kuwapeleka wakiwa wadogo zaidi na zaidi, hata wengine kabla ya umri wa kwenda shule. Mtoto wa miaka 4 atanyolewa, atavishwa kitambaa chekundu na shanga, na atakalishwa juu ya jiwe takatifu, ila hakuna cha maana anachoweza kufunzwa kuhusu hedhi ambayo iko umbali wa miaka minane au tisa. Umbo la mila limehifadhiwa na somo lake limetoka. Wale wanaodai kwamba dawa ya matatizo ya vijana ni kurudi kwenye mila hawana budi kueleza ni mila ipi wanayoikusudia: ile ya mwaka mzima, au hii ya siku chache ambayo mwanafunzi wake bado ananyonya kidole?

Mto Ofin

Mnamo Januari 2018 vyombo vya habari viliripoti habari iliyosikika hadi nje ya Ghana. Katika wilaya ya Upper Denkyira Mashariki, Mkoa wa Kati, wasichana waliolazimika kuvuka mto Ofin ili kwenda shuleni Kyekyewere walikatazwa kuuvuka wakiwa katika hedhi. Katazo hilo lilisemwa kuwa limetoka kwa mungu wa mto. Aidha, hapakuwa na kuvuka siku ya Jumanne. Wanaharakati wa haki za watoto walipaza sauti, na waziri wa mkoa akasema kwamba angeshirikiana na mwenzake wa Ashanti, mkoa ulio ng'ambo, kutafuta suluhisho.

Hebu tupige hesabu. Mwezi wa masomo una takriban siku 20 za darasani. Jumanne 4 zimeondoka. Hedhi ya msichana huchukua kati ya siku 2 na 7. Tuchukue 5, na tuseme zimemwangukia tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Jumanne moja imo humo tayari, kwa hivyo zinaongezeka siku 4. Msichana huyo amekosa siku 8 kati ya 20, na kaka yake amekosa 4. Tena kila asubuhi asipoonekana kivukoni, kijiji kizima kinajua kwa nini. Tasfida yote iliyokusudiwa kumsetiri inabatilishwa na katazo hilo hilo. Hahitaji mtu kumwambia kwamba amekwenda nyuma ya nyumba.

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba mto ndio uliompokea msichana wa bragoro kwa heshima. Jamii za Kiakan zinao mto wa kumwogesha aliyeua tembo na zinao mto unaomfukuza. Anayetafuta hoja ya kuwashawishi wazee wa Ofin asikimbilie mara moja lugha ya mikataba ya kimataifa. Hoja imo ndani ya utamaduni wenyewe, na mwenye kuisema kwa Kitwi fasaha atasikilizwa kabla ya mwenye kuisoma kutoka katika waraka wa Kiingereza.

Kitambaa kisichoanikwa

Sasa tugusie afya yenyewe. Mzunguko wa hedhi wa mwanamke mzima huwa wa siku 21 hadi 35. Kwa msichana katika miaka ya mwanzo unaweza kufika siku 45 bila kuwa ugonjwa. Sodo au kitambaa hubadilishwa kila baada ya saa chache, si zaidi ya 8. Kitambaa hufuliwa kwa sabuni, kikasuuzwa, kikaanikwa juani hadi kikauke kabisa, kwa sababu unyevu huwapa viini mahali pa kuzaana na joto la jua huwapunguza. Maarifa haya hayazidi ukurasa mmoja.

Ugumu uko katika kuanika. Kitambaa ambacho hakiwezi kutajwa hakiwezi pia kuonekana kwenye kamba uani. Hufichwa chini ya godoro au chini ya nguo nyingine, hakikauki, na msichana hukivaa hivyo hivyo kikimwasha. Hapa mwiko wa usemi hugeuka kuwa muwasho wa ngozi na maambukizi. Wauguzi hulieleza jambo hili kama tatizo la usafi. Sisi tuna haki ya kulieleza pia kama tatizo la pragmatiki.

Hali huwa ngumu zaidi kwa wasichana walio mbali na kwao. Mijini Accra na Kumasi wapo maelfu ya wasichana, wengi kutoka kaskazini mwa nchi, wanaobeba mizigo sokoni kwa kichwa. Huitwa kayayei. Neno lenyewe ni la mchanganyiko: kaya ni mzigo kwa Kihausa, na yei ni wanawake kwa lugha ya Waga wa Accra. Msomaji wa Kiswahili atahisi uchungu wa sadfa hiyo, kwani kwetu kaya ni makazi, na hicho ndicho wasichana hawa wanachokosa. Wengi hulala penye vibanda vya soko, na huenda kuoga na kujisaidia katika vyoo na mabafu ya umma ambako kila anayeingia hulipa. Siku ya mapato haba, usafi wa hedhi hushindana na chakula.

Bei ya sodo nayo ilikuwa ya juu kwa miaka mingi kwa kuwa bidhaa hiyo ilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 20 na ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 15. Mwaka 2023 waandamanaji walijitokeza barabarani Accra kupinga, na katika bajeti iliyosomwa Novemba mwaka huo serikali iliahidi kuondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa sodo zinazotengenezwa nchini. Mwaka 2025 ukazinduliwa mpango wa kuwagawia wanafunzi wa kike sodo bila malipo. Kenya iliuondoa ushuru kama huo mapema, mwaka 2004. Ifahamike pia kwamba tangu 2017 Ghana imekuwa na mpango uitwao GIFTS, ambapo wasichana wa miaka 10 hadi 19 hupewa kila wiki kidonge chenye madini ya chuma na asidi ya foliki ili kuzuia upungufu wa damu.

Je, sodo peke yake inatosha? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Paul Montgomery walichapisha mwaka 2012 matokeo ya jaribio lililohusisha wasichana 120 wa miaka 12 hadi 18 katika vijiji vinne vya Ghana. Penye sodo pamoja na mafunzo ya balehe, mahudhurio shuleni yaliimarika katika miezi 3. Penye mafunzo bila sodo, mahudhurio yalichelewa kuimarika, ila kufikia mwezi wa 5 yalikuwa yamelingana na yale ya wenye sodo. Jaribio lilikuwa dogo, na haifai kulitumia kuwanyima wasichana sodo. Hata hivyo, linatuambia kwamba maneno yaliyosemwa vizuri yalifanya kazi ambayo wengi wetu tungedhani ni ya bidhaa. Sijui kama mwanafunzi wa lugha anaweza kuletewa habari njema kuliko hiyo.

Darasa linalobadili lugha wakati mbaya

Sera ya Ghana kwa miaka mingi imekuwa kutumia lugha ya eneo kufundishia tangu shule ya chekechea hadi darasa la 3, na Kiingereza kuanzia darasa la 4. Mwanafunzi wa darasa la 4 ana takriban miaka 9 au 10, na wengi huwa wakubwa zaidi kwa sababu ya kuchelewa kuanza. Maana yake ni kwamba shule huiacha lugha ya mama hasa pale ambapo mwili unaanza kubadilika. Msichana ana tembo na afikyire kutoka nyumbani. Ana istilahi za Kiingereza kutoka kitabuni, ambazo huzikariri kwa ajili ya mtihani. Baina ya tasfida na istilahi hakuna kitu. Hana neno la kawaida, lisilo la mafumbo wala la kigeni, la kumwuliza mwalimu kwa nini tumbo linamuuma.

Ombwe hilo lilidhihirika mwaka 2019, pale mpango wa elimu ya kina ya jinsia ulipozua mgogoro mkubwa nchini Ghana. Makanisa, viongozi wa Kiislamu na wazazi waliupinga, na Rais Akufo-Addo akatangaza kwamba hautaingizwa shuleni. Sina nia ya kuamua nani alikuwa na haki katika kila kipengele cha mabishano hayo. Ninachokiona ni kwamba jambo lililetwa kwa jina la Kiingereza na kifupisho chake, na wazazi wakabishana kuhusu jina hilo. Kuna mambo yaliyokuwa na uwezekano mkubwa wa kukubaliwa na kila upande, kama vile mtoto kujua kuhusu hedhi kabla haijamjia, lakini yalizama pamoja na yale yaliyoogopwa.

Kampeni ya sabuni inatupa mfano wa kinyume. Kuanzia 2003 Ghana ilikuwa na kampeni ya kunawa mikono iliyojulikana kwa jina la Kitwi, Hororo Wonsa, yaani nawa mikono yako. Watafiti waliotangulia kuiandaa, akiwamo Beth Scott na Val Curtis, waligundua kwamba sabuni ilikuwamo katika takriban kila nyumba, ila ilitumika kufulia na kuogea. Wachache mno waliitumia baada ya kutoka chooni. Kuwahubiria watu kuhusu viini hakukuwagusa. Kilichowagusa ni kinyaa. Kwa hiyo matangazo yaliacha kutaja maradhi, yakaonyesha uchafu usioonekana ukihama kutoka mkononi hadi kwenye chakula cha mtoto. Jina lilikuwa la nyumbani, taswira ilikuwa ya nyumbani. Vivyo hivyo, kunawa uso kulikuwa mojawapo ya nguzo nne za vita dhidi ya trakoma, na shule na redio zilihusika kuwafikia watoto. Mwaka 2018 Ghana ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuthibitishwa kuwa imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma.

Lakini tahadhari: kinyaa ni silaha ya mkono na choo. Kikiletwa kwenye hedhi kitaongeza aibu ambayo tayari imezidi. Mtunzi wa ujumbe hana budi kujua tofauti hiyo.

Kuhusu wavulana nitasema machache, kwa sababu machache yamesemwa. Waasante hawakuwa na sherehe ya balehe ya wavulana inayolingana na bragoro. Miongoni mwa Waislamu wa kaskazini tohara hufanywa na wanzam, ngariba wa kimapokeo, mara nyingi mtoto akiwa mchanga, hivyo hakuna mafunzo yanayoambatana nayo kama katika jando letu. Mvulana hubaleghe bila wa kumweleza kuhusu ndoto nyevu, jasho wala chunusi, na ndiye huyo anayemcheka msichana aliyechafukiwa na sketi darasani. Elimu ya hedhi inayowatoa wavulana nje ya chumba huwatuma kujifunza kwa kejeli.

Sisi na istilahi zetu

Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Kupitia vitabu vya fikihi na madarasa ya chuoni, kimekuwa kwa karne nyingi na msamiati wa hedhi, nifasi, janaba na twahara unaotamkwa na mwalimu mbele ya wanafunzi bila kicheko. Kihausa kinachosemwa kaskazini mwa Ghana kinayo rasilimali kama hiyo. Mojawapo ya maneno yake ya hedhi ni al'ada, lenye asili moja ya Kiarabu na neno letu ada. Hapo ndipo pa kutafutia lile neno la kati ambalo msichana wa Kiakan analikosa.

Hata hivyo, bahati hiyo haijawafikia wasichana wote wa Kenya. Hedhi ni neno la kitabu kwa wengi wa bara. Sodo hushindana na pedi, na ng'ambo ya mpaka huitwa taulo za kike. Kuvunja ungo hufundishwa kama nahau ya mtihani wa Kiswahili, na mwanafunzi huweza kuipatia alama bila kujua kwamba inamhusu. Kazi aliyoifanya Agyekum kwa Kiakan haijafanywa kwa upana huo katika Kiswahili cha Kenya: kukusanya yale wanayosema wasichana wenyewe mabwenini, visimani na katika zahanati, kisha kuyapanga kwa umri, eneo na msikilizaji. Ni mada ya tasnifu, tena isiyohitaji fedha nyingi. Anayeishika atambue tu kwamba mtafiti wa kiume atapewa tasfida za masikio ya wanaume na mtafiti wa kike atapewa nyingine, hivyo ingefaa wawe wawili, na walinganishe madaftari yao kabla ya kuandika sura ya kwanza.